Kisu kikibaki mgongoni, msikichomoe

Mtu akichomwa kisu mgongoni na kisu kikabaki mwilini, jamaa zake hukimbilia kukichomoa. Huruma hiyo yaweza kumpooza. Ncha ikicheza kati ya pingili huchana mshipa mkuu wa fahamu mahali palipokuwa bado salama, na huenda chuma hicho ndicho kinachoziba mshipa wa damu uliokatika.

Kiacheni. Kizungushieni vitambaa safi kisitikisike, mlazeni kwa ubavu bila kumpinda, asile wala asinywe, mkimbizeni hospitali.

Huko atapigwa picha ya eksirei na kuchomwa sindano ya pepopunda. Kisha daktari mpasuaji hufungua mfupa wa pingili, akakitoa kisu huku akikiona kwa macho, na kuushona utando uliotoboka. Usiposhonwa, maji ya uti huvuja, na vijidudu vya homa ya uti wa mgongo hupata njia.

Atatembea tena? Mara nyingi kisu hukata upande mmoja tu: mguu wa upande huo hupooza, na wa upande wa pili hausikii maumivu wala joto. Aliyeieleza hali hiyo karne ya 19 ni Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, jirani yetu wa bahari hii. Wengi wa hao hupata nafuu. Aliyekatwa kabisa ni nadra, hata akipasuliwa.

Ninayoiogopa zaidi ni ncha iliyovunjikia ndani. Kidonda huwa kidogo, mtu anatembea, nyumbani wanampaka dawa na kusahau. Miezi au miaka ikipita, miguu inaanza kufa ganzi. Jeraha lolote la kisu mgongoni, hata dogo, lipigwe picha.