Nyumba ya Mchezo: Habari ya Ukumbi wa Chuo Kikuu cha Connecticut

Msomaji aliyezaliwa Simbo, au Ujiji, au popote pengine katika ufuo huu wa ziwa Tanganyika, anaujua mchezo kuwa ni jambo la uwandani: ardhi iliyofyekwa, magoli mawili ya miti, watazamaji wamejipanga pembeni, na mbingu juu ya wote, na mvua ya masika ikishuka kabla ya kipindi cha pili, hapana rufaa, kila mtu hukimbilia kwenye baraza ya jirani na mchezo huahirishwa. Kwa msomaji huyo, habari ya kwamba chuo kikuu kimejenga nyumba yenye viti zaidi ya elfu kumi ili vijana kumi waupiganie mpira mmoja ndani yake, yaweza kusikika kuwa ni israfu tupu. Makala haya yanakusudia kueleza sababu zilizofanya nyumba za namna hiyo zibuniwe, na kazi zinazofanywa ndani yake, kwa kuutazama ukumbi mmoja wa Marekani ambao tarehe yake ina sehemu iliyoandikwa na kijana wa Tanzania.

Asili ya jambo hili ni baridi. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kuanzia Desemba hata Machi, theluji huvifunika viwanja na michezo ya nje haichezeki; kwa hiyo vyuo vya huko vilikuwa na kumbi za mazoezi tangu karne ya 19, ambamo wanafunzi walinyoosha viungo kwa amri ya mwalimu, na aghalabu walichoka na amri hizo kabla ya viungo kuchoka. Mwezi wa Desemba 1891, katika chuo cha chama cha vijana wa Kikristo mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, aliagizwa atafute mchezo mpya wa kuwaliwaza wanafunzi wake ndani ya nyumba. Alimwomba mtunza nyumba masanduku mawili. Yule asipate masanduku, akaleta vikapu viwili vya mafyulisi, navyo vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, yaani mita 3.05. Kipimo hicho, ambacho hakikutokana na hesabu ya mtaalamu yeyote ila kimo cha roshani ya nyumba ile, ndicho kinachotumika hata leo duniani kote.

Hata kanuni za mchezo wenyewe zilitokana na nyumba. Naismith alikataza mchezaji asikimbie na mpira mkononi, kwa kuwa mwenye kukimbia nao hukamatwa na kuangushwa, na sakafu ya mbao si nyasi. Akaliweka goli juu ya vichwa vya watu ili mpira urushwe kwa ustadi, usivurumishwe kwa nguvu. Mwaka uliofuata mwalimu wa kike, Senda Berenson, aliupeleka mchezo huo katika chuo cha wanawake cha Smith, mjini Northampton, akazibadili kanuni ili zilingane na adabu za zama zile. Na kutokana na mpira wa kikapu wa wanawake, ulipovuka bahari kwenda Uingereza, ndipo ulipozaliwa mpira wa pete, unaochezwa leo na wasichana wa skuli zetu juu ya udongo mtupu. Kwa hiyo mchezo ulioasisiwa ili watu waikimbie theluji umetufikia sisi tusioijua theluji, lakini nyumba yake haikufuatana nao.

Si mbali sana na Springfield, katika jimbo la Connecticut, kuna kijiji kiitwacho Storrs. Jina hilo ni la ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs, ambao mwaka 1881 walitoa ardhi na fedha ili ianzishwe skuli ya ukulima kwa vijana wa mashamba. Na skuli hiyo, baada ya kupanda daraja moja baada ya nyingine, ikapata mwaka 1939 jina la Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 1954 chuo kilifungua ukumbi wa michezo, ambao baadaye uliitwa kwa jina la mwalimu wake wa mpira wa kikapu, Hugh Greer, aliyefariki mwaka 1963. Ukumbi huo ulifaa kwa zama zake, lakini hadhira ilizidi kukua, hata timu ikawa inakwenda kucheza baadhi ya mechi zake kubwa katika jumba la mji wa Hartford, makao makuu ya jimbo.

Huko Hartford ndiko lilikotokea jambo ambalo kila mjenzi wa paa pana hana budi kulikumbuka. Usiku wa tarehe 17 Januari 1978 timu ya chuo ilicheza katika jumba hilo mbele ya watu wapatao 5,000, mechi ikamalizika, watu wakaenda zao. Na alfajiri ya tarehe 18, saa chache tu baada ya mtazamaji wa mwisho kutoka, paa zima la vyuma liliporomoka chini ya uzito wa theluji na barafu, likaangukia viti vitupu. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulidhihirisha kwamba theluji peke yake haikuwa na hatia, kwa maana usanifu wa vyuma vyenyewe ulikuwa na kasoro, na dalili za kupinda zilikwisha kuonekana tangu wakati wa ujenzi, zikapuuzwa.

Ukumbi mpya wa Storrs ulifunguliwa tarehe 27 Januari 1990, kwa mechi ambayo wenyeji waliishinda St. John's kwa 72 kwa 58. Unaitwa Gampel Pavilion, kwa heshima ya Harry A. Gampel, mhitimu wa chuo hicho aliyetoa mchango mkubwa wa fedha. Paa lake ni kuba, na kuba ina faida yake: uzito wake hushuka kwa mzunguko mpaka kwenye kuta, hivyo ndani hakuna nguzo hata moja ya kumkinga mtazamaji asione. Viti vilikuwa zaidi ya 8,000 mwanzoni, vikaongezwa mpaka vikapita 10,000, navyo vimeizunguka sakafu kwa karibu sana. Wanafunzi hukaa ubavuni mwa uwanja, na kelele zao, zikipiga kuba na kurudi, huwa adha kubwa kwa timu ngeni.

Katika sakafu hiyo wanawake wamepata sifa kupita wanaume. Chini ya Geno Auriemma, mzaliwa wa Italia aliyeanza kazi hapo mwaka 1985, timu ya wanawake iliishinda Tennessee kwa 77 kwa 66 tarehe 16 Januari 1995, siku ambayo timu mbili za juu kabisa za nchi zilikutana Storrs, na msimu ule ikashinda mechi zote 35 na kutwaa ubingwa wa vyuo kwa mara ya kwanza. Mpaka mwaka 2025 ilikuwa imetwaa ubingwa huo mara 12, ilhali wanaume wameupata mara 6 baina ya 1999 na 2024. Fauka ya hayo, ukumbi ni nyumba ya mpira wa wavu, na vilevile ni mahali pa mahafali, ambapo wazazi hukaa katika viti vile vile vya washangiliaji kuwatazama watoto wao wakipokea shahada. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mchezo imekuwa mahali ambapo chuo kizima hujiona kwa pamoja.

Mwaka 2006 aliingia chuoni hapo kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyezaliwa mwaka 1987, mwenye kimo cha mita 2.21, ambaye alianza kuujua mpira wa kikapu akiwa amekwisha kuingia ujanani, kisha akasoma sekondari mjini Houston, Texas. Kazi yake chini ya kuba ile ilikuwa kuilinda pete. Alisimama chini ya kikapu na kuzuia mipira ya wapinzani, zaidi ya 400 katika miaka mitatu, hata mwaka 2009 akatambuliwa kuwa mlinzi bora wa vyuo vya nchi nzima, na timu yake ikafika nusu fainali ya ubingwa. Mwezi wa Juni mwaka huo alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika orodha yote, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ya NBA.

Kwetu Afrika ya Mashariki nyumba za mchezo zimejengwa aghalabu na serikali na miji, si vyuo. Kampala ina ukumbi wa Lugogo tangu miaka ya 1950. Nairobi ilipata ukumbi wa Kasarani kwa ajili ya michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Na Kigali, ambayo kwa ramani ni jirani yetu kuliko Dar es Salaam, ilifungua mwaka 2019 ukumbi wa viti 10,000, takriban sawa na ule wa Storrs. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipohamia Mlimani mwaka 1964, hakikulazimika kuuingiza mpira ndani ya nyumba. Ukumbi wake mashuhuri ni wa Nkrumah, wa mikutano na mijadala, ambao picha yake ilipata kuchapishwa kwenye noti ya shilingi 500. Wala hapana aibu katika jambo hilo, kwa sababu kila taifa huezeka kwa kuitazama mbingu yake.

Na mbingu ya Kigoma yataka nini? Haidai kuta nene wala mitambo ya joto, na paa letu halitabeba barafu. Lakini inaleta mvua ya miezi mingi na jua la adhuhuri, na yote mawili hukatiza mchezo. Kwa skuli au chuo cha upande wetu yatosha kwanza sakafu ya saruji iliyosawazishwa vyema, yenye vipimo vya mpira wa kikapu, wa pete na wa wavu kwa rangi tatu mbalimbali. Kisha paa juu ya nguzo za pembeni, pande zote wazi ili upepo wa ziwani upite. Na chini ya mabati iwekwe dari, maana mvua ikipiga bati tupu hakuna anayemsikia mwamuzi, seuze mhutubu. Mahali hapo patafaa kwa mitihani, kwa ngoma, kwa mikutano ya wazazi na kwa chanjo za watoto, na taa zikiwekwa, vijana watacheza hata baada ya magharibi.

Viti vije mwisho. Tangu ndugu wale wawili walipotoa shamba lao mpaka kuba ya Storrs ilipofunguliwa ilipita miaka 109, na katika miaka hiyo wanafunzi walicheza katika kila nyumba waliyoweza kuipata. Maadamu sakafu ipo na paa lipo, watazamaji wa Simbo wamekwisha kuzoea kusimama.