Maazimio ya Januari yamefika wapi? Uliza daftari

LIKIZO ya Agosti imebisha hodi. Watoto wako nyumbani, runinga haipoi, sukari inakwisha kabla ya siku zake, na mwaka nao umevuka nusu. Huu ndio wakati mwafaka wa kujiuliza swali ambalo wengi hulikwepa hadi mkesha wa mwaka mpya: yale maazimio tuliyojiwekea Januari yamefika wapi?

Kila Januari, mwezi ambao Wakenya wameubandika jina la "Njaanuari" kwa jinsi mifuko inavyokauka baada ya Krismasi na karo, familia nyingi za mjini huapa kurahisisha maisha. Baba huapa kupunguza matumizi yasiyo na kichwa wala miguu. Mama huapa kuondoa vitu vilivyosongamana sebuleni hadi mgeni hana pa kuweka mguu. Mwanafunzi wa chuo naye huapa kujipikia chumbani badala ya kununua chipsi kila jioni.

Maneno huwa matamu kama asali. Lakini Machi ikifika, kabati limejaa tena, chipsi zimerudi, na mkopo wa simu unalipwa kwa mkopo mwingine. Mume na mke huanza kurushiana lawama. Huyu anasema pesa zinaishia sokoni, yule anasema zinaishia kwa marafiki. Azimio lililokusudiwa kuleta utulivu nyumbani linageuka kuwa chanzo cha ugomvi.

Ugomvi huo haumaliziki kwa sababu hakuna anayejua ukweli. Kila mmoja anakisia tu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani methali hiyo iliwalenga wenye maduka pekee, ilhali nyumba nayo ina kinachoingia, ina kinachotoka, na ina kinachopotea bila mtu kujua.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Mwanasaikolojia John Norcross wa Chuo Kikuu cha Scranton, Marekani, amechunguza maazimio ya mwaka mpya kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na mwenzake waliwafuatilia watu 200 waliojiwekea maazimio. Baada ya juma moja, asilimia 77 walikuwa wangali wameyashikilia. Miaka miwili baadaye, waliosalia walikuwa asilimia 19 tu.

Hata hivyo, usivunjike moyo. Mnamo 2002, Norcross na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliolinganisha makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la watu walioweka azimio la mwaka mpya. La pili lilikuwa la watu waliotaka kubadilika baadaye, lakini hawakuazimia lolote. Miezi sita ilipopita, asilimia 46 ya wale walioazimia walikuwa wamefaulu. Katika kundi la pili, waliofaulu walikuwa asilimia nne pekee. Kwa hivyo, kuazimia si upuzi. Kinachotushinda ni kutunza azimio likishawekwa.

Litatunzwaje? Mnamo 2016, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliyakusanya pamoja matokeo ya tafiti 138 zilizohusisha karibu watu 20,000. Walibaini kwamba mtu anayefuatilia hatua zake mara kwa mara huwa na nafasi bora ya kulifikia lengo lake. Manufaa hayo yaliongezeka iwapo mtu huyo aliandika alichokiona, au aliwaeleza wengine.

Akina mama wa vyama vya kuweka akiba hawatashangazwa na habari hizo. Chama hakisahau mchango wa mwanachama kwa sababu kina mweka hazina, kina daftari, na kila mkutano hesabu husomwa mbele ya wote. Mama huyo huyo ambaye hajawahi kuchelewesha mchango wa chama miaka mitano, huenda hajui nyumba yake ilitumia kiasi gani kwa mafuta ya kupikia mwezi uliopita. Uaminifu anao. Asichokuwa nacho nyumbani ni daftari la kusomwa.

NUKTA NYEUSI ZA FRANKLIN

Jambo hili si geni duniani. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, alisimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyojitengenezea kijitabu kidogo alipokuwa kijana mjini Philadelphia. Humo aliorodhesha tabia njema 13, zikiwemo kubana matumizi na kuweka kila kitu mahali pake. Kila ukurasa ulikuwa na safu saba za siku za juma. Jioni alijikagua, na kila alipoteleza alitia nukta nyeusi.

Hakujaribu kurekebisha mambo yote 13 kwa mpigo. Kila juma alikazania jambo moja, kwa hivyo mzunguko mmoja ulichukua majuma 13, na mwaka mzima ulitosha mizunguko minne. Franklin alikiri kwamba utaratibu wa vitu na wakati ndio uliomtoa jasho kuliko mengine yote, na kwamba ukamilifu hakuupata kamwe. Lakini alisema juhudi hizo zilimfanya awe mtu bora na mwenye furaha zaidi kuliko ambavyo angekuwa.

Huko Japani, Hani Motoko, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya uanahabari nchini humo, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mnamo 1904. Madaftari ya aina hiyo huitwa kakeibo, na zaidi ya karne moja baadaye bado yanauzwa na kutumiwa. Mwenye nyumba huandika kinachoingia, hutenga akiba kwanza, huandika kila anachotumia, na mwisho wa mwezi hujiuliza ni wapi anaweza kurekebisha.

ANDIKA KINACHOHESABIKA

Kabla ya kununua daftari, tuelewane: maisha rahisi si maisha ya dhiki. Nyumba rahisi ni ile ambayo watu wake wanajua walicho nacho, wanatumia walicho nacho, na wanabakiwa na muda wa kuketi pamoja. Familia inaweza kuwa na pesa za kutosha na ikaishi kwa vurugu, na nyingine ikawa na kidogo ikaishi kwa utulivu.

Hatua ya kwanza ni kuandika azimio linaloweza kuhesabiwa. "Tutapunguza vitu nyumbani" haliwezi kuhesabiwa. "Kila Jumamosi tutatoa vitu vitano ambavyo hatujavitumia mwaka mzima" linahesabika: ni vitu 20 kwa majuma manne na 260 kwa mwaka. Bandu bandu huisha gogo. Viatu vilivyowabana watoto, sufuria zisizo na vifuniko, nguo za mitumba zilizonunuliwa Gikomba kwa tamaa ya bei, vyote vitapata wenyewe.

"Tutaacha kutumia ovyo" pia haliwezi kuhesabiwa. Lakini tuseme familia inatumia Sh100 kila siku kwa vitafunio vya kituoni. Hizo ni Sh36,500 kwa mwaka. Wakiamua kununua siku mbili tu kwa juma, watatumia Sh10,400, na Sh26,100 zitabaki. Hakuna anayehitaji hotuba baada ya kuiona hesabu hiyo ukutani.

Kwa upande wa stima, wenye mita za tokeni wana bahati, kwani daftari la kwanza limeshatundikwa ukutani. Soma yuniti zilizobaki kila Jumapili jioni na uziandike, pamoja na zile ulizonunua juma hilo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hula yuniti moja nzima. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwashwa saa tano kwa siku hula zaidi ya yuniti 109 kwa mwaka, ilhali ya LED ya wati tisa hula takriban 16. Juma ambalo yuniti zimepungua ghafla, familia itajua na kuuliza sababu.

Maji nayo yasisahauliwe. Weka ndoo chini ya mfereji unaovuja. Ukijaza lita 20 kwa siku, hizo ni lita 7,300 kwa mwaka, maji ambayo wengine mjini huyanunua kwa mtungi.

Hatua ya pili ni kutochukua mengi. Mshika mawili moja humponyoka, na mwenye maazimio 12 humponyoka yote. Matatu yanatosha: moja la pesa, moja la vitu, na moja la muda. Hili la muda ndilo husahaulika zaidi, ingawa ndilo watoto hulikumbuka. "Chakula cha jioni pamoja, simu zikiwa kabatini, siku nne kwa juma" ni azimio linaloweza kutiwa alama na mtoto wa darasa la pili.

MIHULA MITATU, MIKUTANO MITATU

Mwaka ni mrefu mno kwa jicho la binadamu. Anayejiambia "nitamaliza Desemba" hujipa ruhusa ya kulala hadi Novemba. Bahati nzuri ni kwamba familia zenye wanafunzi tayari huishi kwa mihula mitatu. Karo hulipwa kwa muhula, na sare huangaliwa kwa muhula. Kwa nini maazimio ya nyumbani yasipewe ripoti kila muhula?

Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba iwe mikutano mitatu ya mwaka. Kila juma, dakika kumi za Jumapili jioni zinatosha kujaza alama. Wakati wa likizo, familia nzima iketi na kusoma hesabu kama chama kinavyosoma. Mtoto mmoja awe karani. Wanafunzi wanaoishi pamoja mabwenini au katika vyumba vya kukodi wanaweza kufanya hivyo pia, karatasi ikibandikwa nyuma ya mlango.

DAFTARI SI FIMBO

Hapa pana onyo. Daftari likishikwa na mtu mmoja ili kuwakamata wengine, halitamaliza muhula. Mume anayekagua matumizi ya mkewe hadi kitunguu cha mwisho, huku yake mwenyewe hayaandiki, harahisishi maisha bali anaweka askari jikoni. Anayesoma hesabu na asomewe yake pia.

Vilevile, tuhesabu jasho pamoja na shilingi. Kuacha kununua chapati za kibandani huonekana kama akiba, lakini kuna mtu atakayesimama jikoni kuzikanda na kuzichoma. Mara nyingi ni mama ambaye ametoka kazini saa ile ile na baba, au msichana wa kazi ambaye hakuwemo kwenye mkutano. Azimio linalookoa Sh200 na kumwongezea mtu mmoja saa mbili za kazi kila jioni halijarahisisha nyumba, limehamisha mzigo tu. Kwa hivyo kando ya kila azimio andika jina la atakayelitekeleza, na mwenyewe awe amekubali. Maharagwe yakichemshwa mengi Jumapili na kugawanywa kwa siku tatu, baba na vijana wakisaidia kuyachambua na kuyaroweka usiku wa Jumamosi, makaa au gesi hupungua na mgongo wa mama hupumzika.

AGOSTI HII UFANYE NINI?

Chukua maazimio yako ya Januari, hata kama itabidi uyakumbuke tu, na uyapange katika mafungu matatu. La kwanza ni yale yanayokwenda vizuri. Yaache yaendelee. La pili ni yale yaliyokuwa makubwa kupita kiasi. Yapunguze: kama "hakuna chipsi kabisa" limekushinda, "chipsi Ijumaa pekee" linaweza kukufaa. La tatu ni yale uliyoyachukua kwa sababu jirani aliyachukua. Hayo yafute bila aibu.

Kisha anza na moja. Mnamo 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha University College London walitoa matokeo ya utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya. Kwa wastani, zoea lilichukua siku 66 kukita mizizi, ingawa makadirio yalianzia siku 18 hadi 254 kutegemea mtu na jambo lenyewe. La kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ukianza tarehe 1 Septemba, siku ya 66 itakuwa tarehe 5 Novemba. Hapo Krismasi itakuwa bado haijafika na vishawishi vyake vya viatu vipya, safari za mashambani na mikopo ya haraka. Atakayeingia Desemba akiwa na zoea moja lililokomaa huenda asiione Njaanuari kwa makali yake ya kawaida.

Kinachohitajika ni daftari la kurasa 32, kalamu iliyofungwa uzi ili isipotee, na msumari ukutani karibu na mita ya stima. Jioni ya leo, kabla ya watoto kulala, chora safu saba na uandike azimio moja juu yake. Mwulize kila mmoja nyumbani kama analikubali. Wakikubali, tia alama ya kwanza kesho.