Mizani ya Patsey: Lupita Nyong'o na watu wanaotoka vitabuni

Kilo 227. Hizo ni paundi 500 za pamba, na Patsey, mjakazi wa shamba moja la Louisiana, alikuwa na uwezo wa kuzichuma kwa siku moja. Ameandika hayo Solomon Northup, aliyekuwa mtumwa pamoja naye, katika kitabu chake Twelve Years a Slave cha mwaka 1853. Northup anaeleza pia kwamba kazi ya kawaida ya siku ilikuwa paundi 200. Namba hiyo ya paundi 500 imenikaa kichwani tangu nilipojua jinsi mwigizaji Lupita Nyong'o alivyoihangaikia kabla ya kumwigiza Patsey katika filamu ya mwaka 2013 iliyotokana na kitabu hicho.

Masasi na Newala hatuhitaji kufundishwa maana ya kilo. Msimu wa korosho ukifika, ada ya shule, bati la nyumba na deni la dukani vyote vinasubiri mizani ya chama cha msingi. Gunia la korosho ni kilo 80. Patsey, basi, alifikisha karibu magunia matatu, peke yake, kati ya alfajiri na giza. Tena korosho huanguka yenyewe, ukaiokota. Pamba huchomolewa kwa vidole, tumba moja baada ya jingine, kutoka kwenye ganda kavu lenye ncha zinazochana ngozi. Na pamba ni nyepesi. Ukijaza kikapu hadi mdomoni, ukakishindilia kwa mikono, bado mizani haijashtuka.

Lupita amesimulia katika mahojiano kwamba namba hiyo ilimsumbua. Alipopata nafasi ya Patsey alikuwa anamalizia masomo ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2012. Alikisoma kitabu cha Northup, lakini kusoma hakukumtosha. Akaenda Baltimore, kwenye makumbusho ya sanamu za nta yanayohifadhi historia ya watu weusi, ambako kuna robota la pamba lenye uzito wa paundi 500. Akasimama mbele yake. Kwa masimulizi yake, robota lile lilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Mwigizaji huyo hakuanza na machozi ya Patsey wala na alama za mijeledi mgongoni. Alianza na kazi yake. Alitaka kujua mwili wa mwanamke mdogo wa umbo unaweza nini, unachoka wapi, na vidole vinakwenda kwa kasi gani. Ndiyo maana ukimtazama kwenye filamu, kabla hajasema neno lolote, unaamini kwamba mtu huyu amelala na kuamka shambani.

Tazama sehemu ya kupima. Jioni watumwa wanapanga foleni na vikapu vyao. Msimamizi anasoma mizani na kutaja paundi za kila mmoja kwa sauti. Zake Patsey zinafika 512, na bwana wao, Edwin Epps, anamsifu mbele ya wenzake. Waliopungukiwa wanatolewa nje kuchapwa. Northup mwenyewe hakuwa hodari wa kuchuma, kwa hiyo kila jioni aliijua hofu ile. Mkulima wa kwetu aliyewahi kupunjwa na mnunuzi wa magendo wa kangomba anajua uchungu wa kipimo kilicho mikononi mwa mwingine. Shambani kwa Epps kipimo hakikupunja fedha. Kilipima ngozi ya mtu.

Na ustadi haukumwokoa Patsey. Epps alimbaka, na mke wa Epps akamchukia Patsey badala ya kumchukia mumewe, hata akamnyima sabuni ya kuogea. Siku moja Patsey akaenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni. Aliporudi akafungwa kwenye vigingi na kuchapwa vibaya, na Northup akalazimishwa kushika mjeledi. Mwanamke aliyeweza kuchuma kilo 227 kwa siku hakuwa na haki ya kunawa jasho lake.

Filamu imeongeza kitu kimoja ambacho ningependa msomaji akitazame vizuri. Patsey anakaa majanini, akikunja maganda ya mahindi kuwa vidoli. Mikono ileile inayonyang'anywa pamba kila jioni inatengeneza kitu kisichopimwa na mtu. Hapo ndipo filamu inapofanya kazi ambayo kitabu hakikuifanya: inatuonyesha kwamba mashine ile ya kuchuma, kama bwana wake alivyomwona, ilikuwa bado binti.

Usiku wa Machi 2, 2014, Lupita alipokea tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Mbele ya dunia nzima alikiri kwamba furaha kubwa aliyokuwa nayo imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine, akaienzi roho ya Patsey na kumshukuru Solomon kwa kuisimulia habari yake. Wengi hushukuru mawakala na watayarishaji. Yeye alimkumbuka mwenye uzito.

Tangu hapo amekuwa kama mpagazi wa watu wa vitabuni. Katika Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyotokana na kitabu cha Tim Crothers, aliigiza Nakku Harriet, mama yake Phiona Mutesi, bingwa wa sataranji kutoka Kampala. Mwaka huohuo alitoa sauti ya mbwamwitu Raksha katika The Jungle Book, hadithi za Kipling za mwaka 1894. Mwaka 2018 akawa Nakia wa Black Panther, kutoka vitabu vya katuni vya Marvel. Mwaka 2024 akatoa sauti ya roboti Roz katika The Wild Robot, iliyotokana na kitabu cha watoto cha Peter Brown.

Lakini chimbuko lake ni jukwaa. Akiwa na miaka 14 jijini Nairobi alimwigiza Juliet na kundi la Phoenix Players. Mwaka 2016 alisimama Broadway katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia. Na mwaka 2025, katika bustani ya Central Park jijini New York, aliigiza Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare chini ya uongozaji wa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Pacha wake jukwaani alikuwa mdogo wake wa damu, Junior Nyong'o. Ndugu hao wawili, waliotenganishwa na meli kuzama, walizungumza Kiswahili mbele ya hadhira ya Wamarekani, na onyesho hilo likarekodiwa na kurushwa kwenye televisheni.

Kwa nini nayaandika haya kutoka Masasi? Kwa sababu Northup alikuwa mtu huru kabla ya kutekwa mwaka 1841, na mji huu umejengwa juu ya kisa cha namna hiyohiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar hadi Lindi, kisha bara. Walikuwa wakirudi upande walikotekwa, na safari yao ikaishia chini ya milima ya mawe ya Masasi. Wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 wapiganaji walioitwa Wamagwangwara wakavamia na kuwachukua baadhi yao mateka. Mtu aliyetekwa, akauzwa, akakombolewa, akatekwa tena. Baada ya uvamizi huo kazi ya misheni ya Steere ikahamia Newala kwa muda.

Hata pamba inatuhusu, ingawa hatuilimi. Ni pamba ya kulazimishwa na Wajerumani iliyong'olewa Umatumbini mwezi Julai 1905, Vita vya Maji Maji vikaanza, na kabla mwaka haujaisha misheni ya Masasi nayo ilikuwa imevamiwa na kuharibiwa.

Maandishi ya visa kama hivi yapo. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, kuhusu waliokombolewa baharini na kuanza maisha mapya Freretown, Mombasa. Yupo Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, akakombolewa Zanzibar, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na akatumikia Chitangali, nyanda zetu hizihizi. Na kwamba kitabu cha Kiswahili kinaweza kuwa filamu kubwa, halina ubishi tena: Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, ilitengenezwa na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar.

Maswali mengine hayana majibu. Northup alipookolewa Januari 1853, Patsey alibaki shambani. Kitabu hakimfuati tena, wala filamu. Alikufa lini, alizikwa wapi? Na wale wanawake wa Masasi waliochukuliwa mwaka 1882, nani aliwahi kuuliza walikuwa wakipenda kutengeneza nini kwa mikono yao jua likitua? Je, msichana wa Newala anayetaka kuigiza atasubiri Hollywood imletee bibi yake mzaa bibi?

Mimi naamini hapaswi kusubiri. Walimu wa Kiswahili na historia wa Masasi, Newala na Nanyumbu, wapeni wanafunzi kazi ya kukusanya masimulizi ya koo zao na kuyageuza tamthilia fupi. Wenye kamera Mtwara na Lindi, kabla ya kuandika mswada mwingine wa mapenzi na magorofa, kaeni na wazee, ombeni kuonyeshwa kumbukumbu za kanisa. Na fanyeni alivyofanya Lupita: anzeni na kazi ya mtu, uzito aliobeba, chombo alichoshika. Machozi yatakuja yenyewe. Mwaka 2026 unatimiza miaka 150 tangu kundi lile la mwaka 1876 lifike Masasi. Habari zao zinastahili kuonekana.