Usiseme Upesi: "Ni Uzee Tu"

Mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, baba mzee akikuambia haoni vizuri sura ya mjukuu wake, usimjibu kwamba ni uzee tu.

Ndani kabisa, nyuma ya jicho, kuna utando unaopokea mwanga. Katikati ya utando huo ndipo panapotuwezesha kusoma na kutambua sura. Kwa watu waliopita miaka 50, mahali hapo panaweza kuharibika polepole. Hapaumi, na miwani haiponyeshi.

Lakini picha huonyesha. Kati ya 2007 na 2008, huko Nakuru, Kenya, wanganga walipima watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi, wakawapiga picha za ndani ya macho. Katika kila watu 100 ambao picha zao zilisomeka, karibu 11 walikuwa na dalili za mwanzo, na mmoja alikuwa na ugonjwa uliokomaa. Dalili ya mwanzo ni madoa ya manjano, na mtu anaweza kuwa nayo asijue.

Sisi wa Kabambare tuanzie nyumbani. Funika jicho moja, utazame ukingo wa mlango. Kisha jicho la pili. Ukingo ukionekana umepinda, au kukiwa na doa jeusi katikati, nenda upesi kwa munganga wa macho. Aina moja ya ugonjwa huu huzuiwa kwa sindano, lakini ukichelewa, kilichopotea hakirudi.

Na wewe mvuta sigara, acha. Moshi wake huongeza hatari hiyo.