Danguro la majini: Cheka, lakini kwanza uliza nani ameshika ufunguo

Makalameni watatu wamelipwa pesa ya dhahabu huko Macalder, Nyatike. Mfuko umetuna, koo limekauka, Jumamosi imefika. Wanapanda boda hadi mjini Migori, wanazunguka baa tatu mfululizo, kisha mwendo wa saa nane usiku mmoja wao anaona taa nyekundu kwenye gesti ambayo jana haikuwepo.

"Twende tuone tu," anasema. Balaa nyingi duniani zilianza na mtu aliyetaka kuona tu.

Ndani ohangla inanguruma, bia ni baridi, vipusa wanatabasamu kana kwamba walikuwa wakiwasubiri wao tangu utotoni. Kwenye kaunta ameketi mama mpole, miwani puani, daftari mkononi. Bei zimeandikwa ukutani kwa chaki: shoti, mwaka mmoja. Kulala hadi asubuhi, miaka arobaini. Maji ya moto, miezi sita. Jamaa wanacheka hadi machozi. Gesti ya wasomi hii, hata bei ni mafumbo! Kila mmoja anachukua chumba.

Alfajiri simu ya wa kwanza inatoa mlio. Imethibitishwa, umetuma miaka 40. Anakimbilia kioo, anakutana na babu yake. Wa pili, ambaye usiku kucha alijigamba kuwa yeye ni simba, anaenda haja ndogo na kupiga ukemi uliotikisa mabati: simba amelala chali kama kambare aliyesahaulika juani. Wa tatu alilewa mapema, akalala na viatu bila kumgusa mtu. Yeye hajazeeka ila anadaiwa maji ya moto.

Wanakimbilia mlango. Mahali palipokuwa na mlango, sasa kuna ukuta.

Hadithi hiyo ni ya kubuni, na gesti hiyo usiitafute Migori wala kwingine. Lakini kama umekulia karibu na barabara ya Isebania, au umewahi kulala Mbita ukisubiri feri, unaijua ladha yake. Ni vichekesho vya watu wazima, vile ambavyo ukiviangalia sebuleni na mama akaingia, unajifanya unatafuta rimoti. Marafiki, tamaa, danguro lisilo la dunia hii, na mlango uliopotea. Vijana wengi wenye kamera na ndoto wangependa kupiga filamu ya aina hii. Swali ni je, tunayo malighafi yake nyumbani, au lazima tukope kwa watu?

Tunayo. Tena ni ya zamani kuliko sinema yenyewe.

Wafu waliokwama lojing'i

Tuanze na filamu. Mwaka wa 2016, Mkenya Mbithi Masya alitoa Kati Kati. Mwanadada anayeitwa Kaleche, aliyeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anajipata nyikani akiwa na vazi la hospitali, hakumbuki chochote. Anaona lojing'i, anaingia, anapokelewa na kundi la watu wanaokula, wanaocheza na kuishi kama wako likizoni. Kumbe wote ni maiti. Wamekwama hapo na hawaondoki mpaka kila mmoja akabili alichokifanya akiwa hai.

Kati Kati si komedi, na si danguro. Ila mashine yake ndiyo hiyo hiyo: starehe ambayo ni kifungo, na deni ambalo halilipwi kwa pesa. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la Toronto mwaka huo wa 2016, na baadaye Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Kwa hivyo anayesema hadithi za kuzimu haziwezi kutoka hapa, mwambie aketi chini.

Mlevi wa Gwassi na sherehe ya Simbi

Sasa shuka hadi Homa Bay. Pale Nyandiwa, Gwassi, wenyeji watakuonyesha miamba yenye alama kama kwato. Wanasema hizo ni nyayo za mifugo ya Nyamgondho wuod Ombare.

Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja mtego wake ulitoa bibi kizee badala ya samaki. Alimpeleka nyumbani, akamfanya mke, na mali ikaanza kumiminika: ng'ombe, mbuzi, kondoo. Jamaa akaoa wake wengine, akawa mtu wa pombe. Usiku mmoja akarudi chakari, akakuta hakuna wa kumfungulia lango, akaporomosha matusi na kumkumbusha yule mama alikookotwa. Mama hakujibizana naye. Alishika njia ya ziwani na kila kilichokuja naye kikamfuata, hadi kuku. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Ukiitazama vizuri, hiyo ni komedi nyeusi kamili. Kuna mlevi, kuna mlango uliofungwa, kuna mdomo usio na breki. Na kuna mwanamke ambaye kila mtu alidhani ameokotwa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na mali.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ambapo korongo wa rangi ya waridi, yaani flamingo, huja kula. Wanajiolojia wanakuambia ni shimo la volkano lililojaa maji. Simulizi ya Waluo inasema hapo palikuwa na kijiji, na jina lenyewe linamaanisha Simbi iliyozama. Watu walikuwa kwenye sherehe ya pombe, ngoma imekolea. Bibi mmoja mchovu akafika akiomba chakula na pa kulala. Wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyemkaribisha, na huyo ndiye aliyeonywa aondoke. Usiku huo maji yakafunika sherehe, ngoma na wachezaji wake.

Kwa hivyo wazo la watu kunaswa katikati ya raha zao si geni kwetu. Bibi zetu walilisimulia kabla ya umeme kufika, na hawakuwa na aibu nalo hata kidogo.

Pa kupigia picha tele

Ukitafuta mahali pa kurekodia, Migori inakuachia uchague. Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018, imejengwa bila saruji wala udongo wa kushikilia. Kuta zake zinafika zaidi ya mita 4 kwenda juu, na milango ni midogo hivi kwamba lazima uiname kuingia. Hata jina linahusu msitu wa kutisha. Hebu wafikirie makalameni wetu watatu, wamezeeka ghafla, wakijaribu kuinama kupita hapo huku migongo ikilia kama mlango mbovu.

Au panda boti kutoka Sori au Muhuru Bay uende Migingo. Hicho ni kisiwa cha karibu nusu ekari, jiwe tupu lililofunikwa mabati, ambacho Kenya na Uganda zimekizozania kwa miaka mingi kwa sababu ya mbuta walio majini pembeni yake. Mamia ya watu wamebanana hapo, na waandishi waliokitembelea wamekuta baa, kamari na madanguro vikigusana mabega. Mvuvi anaweza kupata pesa nzuri usiku mmoja na akaimaliza kabla jua halijatua, kwa kuwa hakuna pa kwenda. Danguro la kuzimu lilipewa anwani zamani. Lipo ziwani.

Hapa ndipo kicheko kinapungua

Sasa tuseme ukweli, kwa sababu komedi inayokwepa ukweli ni kelele tu.

Ukanda huu una biashara inayoitwa jaboya. Inafanya kazi hivi: wavuvi ni wanaume, wachuuzi wengi ni wanawake. Samaki wakiwa wengi, pesa inatosha. Samaki wakipungua, au omena wakifungiwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, mvuvi anakuwa mfalme. Mama anafika ufuoni alfajiri na beseni na pesa zake mkononi, lakini anaambiwa pesa peke yake haitoshi. Akikataa, samaki wanaenda kwa mwingine na watoto wake wanalala njaa. Akikubali, amekuwa na jaboya, yaani mvuvi "wake", ambaye huenda ana wengine watano fuo tofauti.

Hakuna taa nyekundu pale, wala ohangla. Ila mlango umepotea vile vile.

Na bei inalipwa kwa miaka, kama kwenye ukuta wa ile gesti. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipata asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay wanaishi na virusi vya HIV, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Migori pia ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Si jaboya peke yake iliyoleta hali hiyo, lakini huwezi kuisimulia bila kuitaja. Siku hizi dawa zinamwezesha mtu kuishi maisha marefu, na aliyejiweka hatarini anaweza kupata PEP hospitalini akiwahi ndani ya saa 72. Kwa hivyo hadithi si ya kukata tamaa. Ni ya kujua saa ngapi mlango bado uko wazi.

Kuna wanawake waliojaribu kuuvunja ukuta. Mwaka wa 2011, kina mama wa ufuo wa Nduru, kaunti jirani ya Kisumu, walianza mpango wa kumiliki boti zao wenyewe na kuajiri wavuvi. Boti ikiwa yako, samaki ni wako, na hakuna wa kukuuliza kitu kingine. Boti ziliharibika, kazi ilikuwa ngumu, na mwaka wa 2020 ziwa lilipofura maji yaliingia hadi manyumbani. Lakini walishaonyesha kwamba dawa ya jaboya si mahubiri. Ni kubadilisha mwenye boti.

Ukitaka kuipiga, piga vizuri

Turudi kwa wewe mwenye kamera. Komedi ya danguro ni rahisi kuiharibu. Njia ya haraka ni kuwafanya wanawake wote kuwa mapambo na majini, na wanaume wote kuwa wahanga maskini walioingia kwa bahati mbaya. Hiyo tumeiona. Pwani tulishasimuliwa vya kutosha kuhusu mrembo mwenye miguu ya punda. Hakuna aliyewahi kumuuliza huyo dada alizipata wapi hizo kwato.

Kumbuka pia kwamba nje ya hadithi, kuna wasichana waliofungiwa vyumbani kweli, walioahidiwa kazi ya nyumbani au ya hoteli na wakajikuta wanauzwa. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa watu inasema anayefanya hivyo afungwe kifungo kisichopungua miaka 30 au atozwe faini isiyopungua Sh30 milioni. Ukimjua aliyenaswa, nambari 1195 hupokea kesi za dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote hazilipishwi.

Halafu kuna Bodi ya KFCB. Kupiga filamu kunahitaji leseni, na kuionyesha kunahitaji iwekewe umri. Kazi yetu hii haitakwepa alama ya 18, na si aibu. Watu wazima nao wana haki ya kuchekeshwa. Lakini usidhani bodi inalala. Mwaka wa 2018 iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, na ilibidi Mahakama Kuu iingilie ndipo Wakenya wakaiona kwa siku saba tu. Matusi peke yake hayatakuokoa mbele ya bodi wala mbele ya watazamaji. Kitakachokuokoa ni kuwa na la kusema.

Na la kusema lipo. Mle danguroni, makalameni wanadhani swali ni "tutatokaje?" Swali lenyewe ni "nani anafaidika tukiwa humu?" Nyamgondho hakuuliza, akawa mti. Wanakijiji wa Simbi hawakuuliza, wakawa ziwa. Aliyeokoka ni yule mmoja aliyemfungulia bibi mlango.

Ndiyo maana filamu hii ikiwa yangu, nitaimalizia kwa yule kalameni wa tatu, aliyelala na viatu. Wenzake wamechoka kugonga ukuta, wameketi sakafuni wakilaumiana kwa sauti za vizee. Yeye anarudi kaunta kuteta kuhusu bili. Anamwona mama wa miwani akigeuza daftari, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, wino umefifia, jina la kwanza ni la mama mwenyewe.

"Mama," anauliza, "kwani wewe unadaiwa miaka mingapi?"

Mama anavua miwani. Tangu gesti ifunguliwe, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Anaingiza mkono kifuani, anatoa ufunguo, anamsukumia juu ya kaunta.

"Watoe wenzako. Na dada zenu wale wote, watangulie," anasema. "Lakini wewe, maji ya moto utalipa."