Majina ya Kiswahili katika Filamu ya Katuni The Lion King: Ufafanuzi kwa Kurejelea Hadhira ya Njombe na Makambako

Filamu ya katuni The Lion King, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff na kutolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994, inasimulia masaibu ya mwanasimba anayekimbia himaya ya baba yake na kurejea ukubwani kudai kiti chake. Mazungumzo yake ni ya Kiingereza, lakini wahusika wake kadhaa wana majina ya Kiswahili. Makala hii inafafanua kwamba majina hayo, ambayo kwa mtazamaji wa Marekani ni sauti ngeni tu, kwa mtazamaji wa Kiswahili ni maneno kamili yenye maana na historia. Hivyo basi, tafsiri ya filamu hii haina budi kuanzia kwenye majina.

Njombe na Makambako ni mfano mwafaka wa suala hili. Makambako ni mji wa njiapanda: hapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya, na hapo pia ipo stesheni ya reli ya TAZARA. Kibena ni lugha ya nyumbani ya familia nyingi za eneo hili, na Kiswahili ndiyo lugha ya shule ya msingi na ya sokoni. Mtoto wa hapa anaweza asifuate mazungumzo ya Kiingereza, ilhali majina anayaelewa papo hapo.

Kundi la kwanza ni la majina yanayooana na fasihi simulizi. Katika ngano za Kiswahili, mnyama huitwa kwa jina la aina yake: Sungura, Fisi, Simba. Kwa hiyo simba aitwaye Simba hamshangazi mtoto aliyelelewa na ngano. Rafiki, nyani mwenye hekima, naye anabeba jina linaloeleza dhima yake. Pumbaa, jina la ngiri, ni kitenzi chenye maana ya kuduwaa au kupoteza akili. Hapa kicheko kinapatikana bila mfasiri.

Kundi la pili lina uzito zaidi. Kiongozi wa fisi anaitwa Shenzi, na toleo la mwaka 2019 limelihifadhi jina hilo. Shina hili ndilo linalozaa nomino mshenzi na ushenzi. Katika karne ya 19, zama za misafara ya biashara, watu wa pwani walitumia neno washenzi kuwataja watu wa bara, waliohesabiwa kuwa nje ya ustaarabu na dini ya pwani. Nyanda za juu kusini, Njombe ikiwamo, ni sehemu ya bara hilo. Hivyo, tusi lililowahi kuelekezwa kwa mababu wa hadhira hii linarudi katika filamu ya watoto likiwa jina la mnyama mlafi, na mtoto analicheka pasipo kujua lilikotoka.

Tanzania ina utamaduni wa wasimulizi wanaotafsiri filamu za kigeni kwa sauti yao, mmoja wa waliotangulia akiwa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Katika vibanda umiza na katika nakala zilizorekodiwa, msimulizi wa aina hii huzungumza juu ya sauti ya asili, hufafanua tukio, hutania, na huwabandika wahusika majina mapya. Uhuru huo ndio unaohitajika hapa. Simba na Rafiki wabaki walivyo, kwa kuwa ngano inawapokea. Shenzi aitwe Fisi, kama ngano zinavyomwita: ulafi na ujanja wake vitabaki, na dharau ya pwani kwa bara itaondoka.

Kwa kuhitimisha, kuazima neno la lugha fulani si sawa na kuwasemesha wenye lugha hiyo. The Lion King iliazima majina ya Kiswahili kwa ajili ya masikio ya wengine. Mfasiri anayemkusudia mtoto wa Makambako anapaswa kuyapima upya kwa masikio ya mtoto huyo.