Koleo Lililofichwa Chini ya Sakafu

Mwaka 1813, katika jumba la zamani la Woodham Mortimer, Essex, Uingereza, mbao za sakafu ya darini zilifunuliwa na chini yake likakutwa sanduku. Mlikuwa na vifaa vya kuzalishia, yakiwemo makoleo manne ya chuma. Aliyewahi kuishi humo ni Peter Chamberlen, daktari aliyefariki mwaka 1683. Siri ya ukoo wake ilikuwa imelala hapo miaka yote hiyo.

Koleo lenyewe, ambalo wakunga wetu huliita fosepsi, ni mikono miwili inayoachana. Kila mmoja umepinda kama kijiko kirefu chenye tundu pana katikati, ili ulale kwenye shavu la mtoto bila kumponda. Mkono mmoja huingizwa kwanza, kisha wa pili, ndipo inaunganishwa nje na mtoto kuvutwa taratibu uchungu unapokuja. Kabla yake, mama aliyepata uchungu pingamizi alisubiri ndoano. Mtoto alitolewa vipande vipande ili mama apone, na mara nyingi mama naye hakupona.

Ndiyo maana kisa cha akina Chamberlen kinaniuma. Ukoo huu wa Kiprotestanti uliotoka Ufaransa mwaka 1569 ulilificha koleo kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu lilikuwa mtaji wao. Inasimuliwa kwamba lilibebwa ndani ya sanduku kubwa na mama mzazi akafungwa macho asilione. Mwaka 1670 Hugh Chamberlen alikwenda Paris kuiuza siri. François Mauriceau, bingwa wa uzazi wa huko, alimpa mama mmoja mwenye nyonga iliyopindika vibaya. Hugh alihangaika zaidi ya saa tatu, akashindwa. Mama yule alifariki. Nyonga ikiwa nyembamba kuliko kichwa cha mtoto, hakuna kuvuta kutakakomtoa salama; leo mama huyo angefanyiwa upasuaji.

William Smellie, daktari wa Lanark, Scotland, alikwenda njia nyingine kabisa. Alipohamia London alifungua darasa, na kwa miaka kumi akafundisha wanafunzi zaidi ya 900. Alitengeneza kiwiliwili cha mama kwa mifupa halisi ya nyonga iliyofunikwa ngozi, pamoja na mwanasesere wa mtoto, wanafunzi wakosee hapo kabla ya kumgusa mgonjwa. Koleo lake alilivisha ngozi ili chuma kisigongane na kumtisha mama. Ngozi hushika uchafu, na Smellie mwenyewe aliagiza ibadilishwe baada ya kutumika, karibu karne nzima kabla ya daktari Semmelweis kuwaagiza madaktari wa Vienna wanawe mikono, mwaka 1847. Mwaka 1754 alichapisha kitabu cha picha kubwa zinazoonyesha mtoto alivyojikunja tumboni na koleo linavyomshika. Yeyote mwenye kitabu hicho aliyaona yale ambayo Chamberlen aliyafunga sandukuni. Smellie alipofariki, mwaka 1763, maktaba yake aliiachia shule ya mji wake.

Makoleo ya Chamberlen yanatunzwa London, katika chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi. Katika leba zetu fosepsi zimepungua. Vakyumu, kikombe kinachonyonya kichwani ambacho Tage Malmström wa Sweden alikiboresha miaka ya 1950, ndicho kinachoonekana zaidi.

Lakini Smellie alifundisha jambo jingine lisilohitaji chuma: kupima nyonga kwa vidole viwili, kutoka chini ya mfupa wa kinena hadi kwenye mfupa unaochomoza nyuma. Vidole visipoufikia mfupa huo, mara nyingi njia ni pana ya kutosha. Kipimo hicho wanafunzi wa ukunga hufundishwa mpaka leo.